Chumvi, Ndizi na Figo: Historia ya Mlo wa Buhaya

Nchi ya Buhaya, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya za Bukoba, Muleba na Missenyi mkoani Kagera, imejaliwa karibu kila kitu ambacho mkulima wa ndizi angekitamani, isipokuwa chumvi. Mvua za ukanda wa ziwa, ambazo katika mji wa Bukoba hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, zimeusuuza udongo wa mawe ya mchanga kwa muda mrefu hata madini mengi yanayoyeyuka yakasombwa, na rutuba iliyomo katika vibanja, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, imejengwa kwa mikono ya watu walioleta samadi ya ng'ombe na majani kutoka rweya, ile mbuga ya nyasi inayotenganisha kijiji na kijiji. Ndizi, maharage, kahawa, samaki na senene vilipatikana nyumbani au karibu na nyumbani, lakini chumvi ilipaswa kutoka mbali, na kila kitokacho mbali kwa kichwa cha mpagazi au kwa mtumbwi huliwa kwa kipimo.

Jambo hilo la biashara lina upande wake wa tiba ambao wanahistoria wa Kagera, waliojishughulisha zaidi na falme, umiliki wa ardhi na kahawa, hawakuupa nafasi kubwa. Figo ni kiungo kinachopanga kiasi cha chumvi na maji mwilini, na maradhi yanayoiharibu polepole kwa watu wazima siku hizi, hasa shinikizo la juu la damu ambalo mitaani huitwa presha, yana uhusiano wa karibu na chumvi inayoliwa. Kwa hiyo historia ya namna chumvi ilivyoingia Buhaya ni sehemu ya historia ya figo za watu wa huko, na inaonyesha kwamba kinga waliyokuwa nayo mababu haikutoka katika elimu ya afya bali katika uhaba, ndiyo maana ilipoondoka hakuna aliyeiaga.

Vyanzo vitatu vya chumvi vilikuwapo katika eneo la Maziwa Makuu, upande wa kaskazini, magharibi na kusini mwa Buhaya, na vyote vilikuwa mbali. Cha kwanza kilikuwa Katwe, ziwa dogo la maji machungu lililokaa ndani ya kreta karibu na Ziwa Edward, ambako watu walichota chumvi katika vijaruba vilivyogawanywa kandokando ya ziwa na kuchimbua mabonge magumu yaliyoganda chini ya maji. Utajiri wa Katwe uligombewa na Bunyoro, Toro na Nkore, na Bunyoro ya mfalme Kabalega ndiyo iliyokishikilia kituo hicho hadi Frederick Lugard alipofika mwaka 1891 na kujenga boma aliloliita Fort George. Chumvi ya Katwe ilisafiri kusini kupitia Nkore hadi Rwanda na Karagwe, na kutoka Karagwe vifurushi vyake viliweza kushuka kuelekea falme za Wahaya zilizopo kando ya Ziwa Viktoria, yaani Kiziba, Bugabo, Kyamutwara, Bukara, Kianja na Ihangiro, ambayo leo imo katika Muleba.

Chanzo cha pili kilikuwa Kibiro, kijiji kilicho chini ya ukuta wa miamba kwenye ufuko wa Ziwa Albert, ambako kazi ilikuwa mikononi mwa wanawake. Walitandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi ili uifyonze, kisha wakaukwangua, wakauchuja kwa maji ndani ya vyungu vilivyotobolewa na kuyachemsha maji hayo hadi chumvi ikabaki. Uchimbaji wa akiolojia uliofanywa na Graham Connah umeonyesha kwamba kazi hiyo imeendelea hapo kwa takriban miaka 900. Cha tatu kilikuwa Uvinza, kusini magharibi, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mahali Mto Ruchugi unapoungana na Malagarasi, ambapo watu walipiga kambi wakati wa kiangazi na kuchemsha maji katika vyungu, kazi ambayo mabaki yake ya chini kabisa yana umri wa zaidi ya miaka 1,400.

Safari kutoka Katwe au Uvinza hadi Ihangiro ilipita katika nchi za watawala wengi, na kila mtawala alikuwa na ushuru wake. Katika soko la namna hiyo chumvi haikuwa kiungo cha kumwagwa mezani, bali mali iliyobadilishwa kwa majembe ya chuma, vitambaa vya magome ya miti na kahawa, ile kahawa iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa na kutafunwa, ambayo mgeni katika nyumba ya Mhaya hupewa kabla ya neno lolote zito kuzungumzwa. John Hanning Speke na James Grant walipofika Karagwe kwa Mkama, yaani mfalme, Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, na Waarabu na Waswahili walipoimarisha kituo chao cha biashara huko Kafuro, bidhaa zilizoingia kutoka pwani kwa wingi zilikuwa nguo, shanga, kauri, waya na bunduki, kwa kuwa msafara uliorudi na pembe za ndovu haukuwa na sababu ya kubeba kitu kizito chenye bei ndogo kama chumvi ya bahari. Biashara ya mbali iliwafikia wakubwa wa Buhaya muda mrefu kabla ya kuifikia meza ya mtu wa kawaida.

Palipokosekana chumvi halisi, watu wa eneo zima la Maziwa Makuu walitumia chumvi ya majivu. Majani ya mimea fulani, matete, mafunjo au maganda ya ndizi yalichomwa, majivu yakamwagiwa maji katika chombo chenye matundu, na maji yaliyochujika yakatumiwa hivyo hivyo kupikia au yakachemshwa hadi yakakauka. Mtu wa leo aliyezoea chumvi ya duka angeiona ladha yake kuwa kali na yenye uchungu, na sababu yake ni ya kikemia: majivu ya mimea yana sodiamu kidogo, na madini yanayotawala ndani yake ni potasiamu. Hapo ndipo mambo mawili ya historia ya mlo wa Buhaya yanapokutana, maana chakula chenyewe, yaani ebitoke, ndizi za kupika zinazochemshwa pamoja na maharage katika chungu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba, nacho ni hazina ya potasiamu, kwani gramu 100 za ndizi mbichi za kupika zina karibu nusu gramu ya madini hayo, na mlo mmoja wa mtu mzima si gramu 100.

Ili kuelewa maana ya mlo huo, inafaa kueleza kwa ufupi kazi ya figo. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyoitwa nefroni, ambavyo kwa wastani hufikia milioni moja, na kila kimoja huanza na kifundo cha mishipa myembamba ambamo damu husukumwa kwa nguvu ili maji na vitu vidogo vitoke, wakati chembe za damu na protini zinabaki. Figo zote mbili huchuja takriban lita 180 kwa siku, kisha hurudisha karibu zote mwilini na kutoa lita moja na nusu hivi kuwa mkojo. Ndani ya lita hizo 180 mna sodiamu inayolingana na chumvi ya karibu kilo moja na nusu, na figo hurudisha mwilini zaidi ya asilimia 99 yake. Mwili ulioumbwa namna hiyo ni mwili ulioandaliwa kwa nchi isiyo na chumvi: unajua sana kuihifadhi na haujui sana kuitupa. Mwaka 1898 Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman, mjini Stockholm, waligundua kwamba figo ya sungura ina kitu kinachopandisha shinikizo la damu, wakakiita renini, na utafiti wa karne iliyofuata ukaonyesha kwamba renini ndiyo mwanzo wa mfululizo wa amri ambazo figo hutoa ili chumvi na maji vibaki mwilini.

Chumvi inapokuwa nyingi kuliko uwezo wa figo kuitoa upesi, maji hubaki pamoja nayo, shinikizo hupanda, na shinikizo hilo hurudi kuvipiga vifundo vya mishipa ndani ya figo zenyewe hadi vinakakamaa na kuacha makovu. Potasiamu hufanya kinyume chake, kwa kuwa inaisukuma figo itoe sodiamu. Mlo wa ndizi, maharage na chumvi haba, kwa mizani hiyo, ulikuwa karibu na ule ambao madaktari wa leo wangeuandika kwa ajili ya kuzuia presha. Hakuna sababu ya kuupamba kupita kiasi, kwa kuwa watu hao hao walikufa kwa malaria, kwa tauni na kwa uzazi mgumu, na wengi hawakufikia umri ambao mishipa huanza kukakamaa. Hata hivyo ushahidi wa ng'ambo ya ziwa unalipa jambo hilo uzito. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini nchini Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya shinikizo la damu vya Waafrika 1,000, akaonyesha kwamba tofauti na Wazungu, ambao shinikizo lao hupanda kadiri umri unavyokwenda, la watu hao halikupanda, na baada ya miaka 40 lilielekea kushuka. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 1988, utafiti mkubwa wa kimataifa uliolinganisha chumvi ya mkojo na shinikizo la damu uliikuta jamii moja ya vijijini nchini Kenya miongoni mwa jamii nne pekee zenye chumvi kidogo sana na shinikizo la chini, zile nyingine zikiwa za misitu ya Brazil na milima ya Papua New Guinea.

Mabadiliko katika Buhaya yalifika kwa maji kabla ya kufika kwa barabara. Emin Pasha aliweka kituo cha Kijerumani Bukoba mwezi Novemba 1890, katika ardhi inayohusishwa na ukoo wa Bakoba, na wamisionari wa White Fathers wakafungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Lililobadilisha mizigo, hata hivyo, halikuwa boma wala kanisa, bali reli ya Uganda iliyofika Kisumu mwaka 1901, na meli za mvuke zilizozunguka ziwa katika miaka hiyo, ambazo ziliufanya mji wa Kijerumani wa Bukoba ufanye biashara yake kupitia bandari ya Kiingereza. Kwa mara ya kwanza mzigo mzito wa bei ndogo uliweza kufika ufukoni mwa Buhaya bila kutegemea kichwa cha mpagazi wala mtumbwi. Upande wa kusini, kampuni ya Kijerumani ilikuwa imeanza kuchemsha chumvi ya Uvinza kiwandani, mahali ilipopaita Gottorp, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi hiyo ikaendelezwa na kampuni ya Nyanza Salt Mines. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, chumvi ya Uvinza nayo ikapata njia ya treni na meli hadi gati la Bukoba.

Fedha ya kununulia ilitoka katika kahawa. Bei ya kahawa ilipopanda katika miaka ya 1920, kibanja kilichokuwa chakula kikawa pia benki, maduka ya Wahindi yakaenea kutoka Bukoba hadi Kamachumu na mitaa mingine ya ndani, na chumvi, sukari, majani ya chai na mafuta ya taa vikaingia katika orodha ya vitu ambavyo nyumba yenye heshima haikosi. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, kilichoundwa mwaka 1950, kiliongeza nguvu ya mkulima sokoni, na mkulima mwenye nguvu sokoni ni mnunuzi mzuri wa chumvi na sukari. Hakuna aliyefanya kosa katika hayo yote. Mtu aliyekulia katika nyumba iliyokuwa ikipikia maji ya majivu alikuwa na haki ya kufurahia chumvi nyeupe, na serikali ilipoanza kusimamia kwa sheria uwekaji wa madini joto katika chumvi katika miaka ya 1990, chumvi hiyo hiyo ikawa chombo cha kuzuia tezi la shingo, jambo ambalo hadi leo linamlazimu daktari anayeshauri chumvi ipunguzwe aongeze kwamba ile kidogo inayobaki iwe yenye madini joto.

Waganga wa kikoloni waliokuja Bukoba hawakuja kwa ajili ya figo, lakini magonjwa waliyoyafuata yaliigusa. Mwaka 1897 taarifa za ugonjwa ulioitwa rubunga huko Kiziba ziliwafanya madaktari wa Kijerumani wachunguze, na Robert Koch, aliyekuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati huo, akathibitisha kwamba ni tauni. Koch alikuwa akishughulika pia na homa ya maji meusi, ugonjwa ambao chembe nyekundu za damu hupasuka kwa wingi, mkojo ukawa mweusi na figo zikazibwa hadi zikasimama, na akatoa hoja iliyowakasirisha wenzake wengi, kwamba chanzo chake si malaria peke yake bali kwinini, dawa ile ile waliyokuwa wakiinywa ili kuizuia. Hoja yake ilikuwa kali kupita ukweli, lakini ilikuwa na sehemu ya ukweli, na inastahili kukumbukwa kama moja ya mara za kwanza katika eneo hili ambapo daktari aliandika kwamba dawa inaweza kuiua figo ya mgonjwa.

Malale nayo ilifika. Baada ya ugonjwa huo kuua maelfu kwa maelfu ya watu katika visiwa na fukwe za Uganda kuanzia mwaka 1900, Koch alipiga kambi katika visiwa vya Ssese miaka ya 1906 na 1907, na Wajerumani wakafungua kambi ya wagonjwa Kigarama katika Kiziba ya Mkama Mutahangarwa, ambako dawa iliyotumika ilikuwa atoksili, mchanganyiko wenye aseniki uliowapofusha baadhi ya waliotibiwa. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba aina mbili za jeni iitwayo APOL1, ambazo hutengeneza protini inayoua baadhi ya vimelea vya malale, zinamweka mtu aliyerithi nakala mbili katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo. Aina hizo zimejaa zaidi Afrika Magharibi kuliko Afrika Mashariki, na kwa Buhaya jambo hilo lisikuzwe.

Daktari aliyeunganisha kwa uthabiti malaria na figo katika ukanda huu alikuwa J. W. Kibukamusoke wa hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye katika miaka ya 1960 alionyesha kwamba malaria ya kwartani, ile inayorudi kila baada ya siku tatu, huweza kuvifanya vichujio vya figo za mtoto vivujishe protini hadi mwili unavimba, na kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1973. Malaria kali ya kawaida nayo huweza kusimamisha figo ghafla, hali ambayo kwa mtu mzima huhitaji usafishaji wa damu kwa mashine na kwa maskini mara nyingi humaanisha kifo. Kwa sababu hiyo utafiti uliofanyika Muleba baada ya mlipuko mkali wa malaria wa mwaka 2006, na hasa ule wa vyandarua vyenye kemikali ya ziada ya kuwashinda mbu sugu, ambao matokeo yake yalichapishwa katika Lancet mwaka 2018 na ambao ulilifanya Shirika la Afya Duniani liviidhinishe vyandarua hivyo, unaweza kuhesabiwa kihalali kuwa kazi ya kulinda figo, ingawa hakuna aliyeuandika kwa jina hilo.

Ugonjwa ulioipa Kagera jina baya zaidi pia ulizifikia figo. UKIMWI ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania kwa wagonjwa wa Kagera mwaka 1983, watu wakauita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa wakati huo, na uchunguzi wa mwaka 1987 ukakuta karibu robo ya watu wazima wa mji wa Bukoba wana virusi. Katika miaka hiyo wagonjwa wa hospitali za Ndolage, Rubya, Kagondo na ile ya serikali Bukoba walikufa mapema kiasi kwamba figo haikuonekana kuwa tatizo, hata pale virusi vilipokuwa vimeiharibu. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure na kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, maisha yakarefuka, na swali jipya likajitokeza: mtu anayeishi na virusi kwa miaka 20 anahitaji figo zidumu miaka 20, na tenofoviri, dawa iliyo katika kidonge cha wengi, huweza kwa baadhi ya watu kudhoofisha mirija ya figo, hivyo kipimo cha kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa na ambayo hupanda katika damu figo zinapolegea, kikawa sehemu ya kliniki.

Wakati huo huo mlo uliendelea kubadilika. Utafiti uliowafuata vijana wa Kijaluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, uliochapishwa mwaka 1990, uliona shinikizo lao la damu likipanda ndani ya miezi ya kwanza tu ya kuishi mjini, huku sodiamu ikiongezeka katika mkojo wao na potasiamu ikipungua. Waliohama walikuwa watu wale wale, wenye damu ile ile, na kilichobadilika ni sahani na maisha. Bukoba haikulazimika kumpeleka mtu Nairobi, kwa kuwa mji ulimfuata kijijini: mkate, viungo vya pakiti, chipsi, soda, na kile kinywaji kikali kinachokenekwa kutokana na lubisi, pombe ya ndizi ambayo zamani ilikamuliwa kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti na kuchachushwa kwa mtama. Hata ziwa limekuwa na chumvi yake, kwani sangara aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20 na kujaa katika miaka ya 1980 alileta biashara ya kayabo, samaki aliyekaushwa kwa chumvi nyingi ili afike Kongo bila kuoza. Katika ufuko ambako mzigo wa chumvi ulikuwa mali adimu, sasa chumvi hushushwa kwa magunia na kupakwa samaki.

Vipimo vya kitaifa vinaonyesha matokeo. Katika miaka ya 1980 Donald McLarty na wenzake walikuta kisukari kwa takriban mtu 1 katika kila watu wazima 100 wa vijiji sita vya Tanzania, lakini uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta karibu asilimia 26 ya watu wazima wana shinikizo la juu na karibu asilimia 9 wana sukari iliyopanda, na magonjwa hayo mawili ndiyo njia kuu mbili za kuua figo duniani. Utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2015 ulipata ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 15 ya watu wa mjini na asilimia 2 tu ya watu wa vijijini. Tofauti hiyo ya mji na kijiji inapaswa kusomwa pamoja na historia ya chumvi, ingawa si chumvi peke yake inayoieleza.

Upande wa dawa unahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa Buhaya ina utamaduni mkubwa wa mitishamba. Watafiti wa tiba asili wa Muhimbili wameandika kuanzia mwaka 2009 mimea inayotumiwa Bugabo, Katoro na Kikuku ya Muleba, na omubilizi, mti mchungu ambao majani yake huchemshwa kwa homa na maumivu ya tumbo, unajulikana katika kila nyumba. Mimea mingi haina madhara ya wazi kwa figo, lakini neno asili halimaanishi salama: mwaka 1993 madaktari wa Brussels waliripoti wanawake walioharibika figo kwa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene vilivyochanganywa na mmea wa jamii ya aristolochia. Kosa hilo halikuanzia kwa waganga. Utafiti wa Nairobi wa mwaka 1972 uliwakuta wagonjwa wengi wa figo zinazovujisha protini wakitumia krimu za zebaki za kung'arisha ngozi, na leo hatari iliyo karibu zaidi na mkulima wa Bukoba ni vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vinavyonunuliwa dukani bila cheti, ambavyo hubana mishipa inayopeleka damu kwenye vichujio, na vikinywewa kila siku na mtu aliyepungukiwa maji, mwenye presha au mzee, huweza kuangusha figo bila kelele.

Bila kelele ndiyo sifa ya ugonjwa wenyewe. Figo inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake mtu akaendelea kulima, kwa hiyo kujikinga hutegemea kupima mapema kuliko kusubiri kuvimba miguu: shinikizo la damu, sukari, na mkojo kwa kipande cha karatasi kinachobadilika rangi kukiwa na protini. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai pamoja na ile iliyojificha ndani ya mkate na samaki, ushauri ambao bibi wa Ihangiro wa karne ya 19 angeuona kuwa mwaliko wa ubadhirifu.

Figo zikishindwa kabisa, historia ya tiba huwa fupi. Mashine ya kusafisha damu ilibuniwa na Willem Kolff nchini Uholanzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na figo ya kwanza iliyopandikizwa kwa mafanikio ilitoka kwa pacha kwenda kwa pacha mjini Boston mwaka 1954, lakini Tanzania ilipandikiza figo nyumbani kwa mara ya kwanza Muhimbili mwezi Novemba 2017, na kabla ya hapo mwenye uwezo au kibali cha serikali alikwenda India. Kwa mtu wa Kagera kituo kikubwa kilikuwa Bugando, Mwanza, safari ya usiku mzima kwa meli, na kwa kuwa usafishaji hufanywa mara mbili au tatu kila wiki kwa saa nne hivi, matibabu yalimaanisha kuhama. Katika miaka ya karibuni mashine zimepelekwa katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, na umbali umepungua, ingawa gharama haijapungua kwa kiasi hicho.

Mgonjwa huyo hukabiliwa na sharti ambalo hakuna Mhaya anayelisikia kwa urahisi. Figo iliyokufa haitoi tena potasiamu, na potasiamu ikijaa katika damu huweza kusimamisha moyo ghafla, kwa hiyo chakula kile kile kilichomlinda babu yake, ndizi, maharage na hata kahawa ya kutafuna, huandikwa katika orodha ya vitu vya kupunguzwa. Upishi wa Kihaya huliongeza tatizo, maana ebitoke huchemshwa kwa maji machache yanayobaki chunguni na kuliwa pamoja na mchuzi wake, na madini yote yanabaki humo. Wataalamu wa lishe hushauri ndizi zimenywe, zikatwe vipande vidogo, zilowekwe, zichemshwe kwa maji mengi, maji hayo yamwagwe, kisha zipikwe upya kwa maji mengine, na maharage vivyo hivyo. Njia hiyo huondoa sehemu kubwa ya potasiamu lakini si yote, na kiasi cha kuruhusiwa huamuliwa kwa kipimo cha damu cha kila mgonjwa.